Upande wa Pili wa Simu

Karibu kila tamthilia ya Kiswahili ina mtu aliyetoka mkoani. Anaweza kuwa dada wa kazi, mlinzi wa getini, bodaboda, au kijana aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha. Siku moja moja tunamwona kajibanza jikoni na simu sikioni: "Shikamoo mama. Nitatuma mwisho wa mwezi." Anakata, kamera inarudi sebuleni kwa tajiri, na yule mama hatumsikii tena. Alipokea simu akiwa wapi? Nani alikuwa ameketi karibu naye? Simu ilipokatika, alimwambia mumewe nini, na kipi alikimeza?

Kwa anayeishi Ngara au Biharamulo, huku mkoani Kagera, mama huyo si fumbo. Ni jirani. Ndiyo maana nasema mwandishi wa huku akialikwa kutunga hadithi fupi kwa ajili ya kitabu kinachotokana na tamthilia, asikimbilie sebule ya tajiri. Sebule hiyo wenye tamthilia wanaijua kuliko yeye, na wameshaitumia kila pembe. Aende upande wa pili wa simu. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya hilo.

Kitabu cha namna gani hiki

Mkusanyiko wa aina hii hutungwa hivi: wenye tamthilia, pamoja na mchapishaji, huwaalika waandishi kadhaa, na kila mmoja huandika hadithi inayoishi katika ulimwengu wa tamthilia hiyo. Wahusika ni walewale, mtaa ni uleule, lakini tukio ni lile ambalo halikuonyeshwa. Mtazamaji aliyezoea kusubiri sehemu mpya kila wiki anapata kitu cha kusoma, na mwandishi anapata wasomaji ambao tayari wana hamu.

Kwa Kiswahili, ndugu wa karibu wa kitabu hiki alizaliwa redioni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na mchapishaji Longman akatoa mikusanyiko iliyotokana nayo, kama vile Mapenzi ni Kikohozi na Pavumapo Palilie. Tofauti ni kwamba washindani wale walileta wahusika wao wenyewe. Wewe unaazima wa mwenzio.

Marekani wameifanya kazi hii kwa mapana. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2007, kampuni ya Pocket Books ilitoa juzuu kumi za Strange New Worlds, hadithi fupi za ulimwengu wa Star Trek, na mlango uliachwa wazi kwa watu ambao hawakuwa waandishi wa kulipwa. Uingereza, mwaka 2008, kampuni ya Big Finish ilichapisha hadithi za waandishi wapya watupu katika kitabu How the Doctor Changed My Life, kilichotokana na tamthilia ya Doctor Who. Angalia walivyolielekeza jicho: si kwa shujaa mwenyewe, bali kwa watu wa kawaida ambao shujaa alipita maishani mwao akaenda zake. Wahariri wale walijua kwamba kwa mwandishi mgeni, mlango wa pembeni ndio unaofunguka.

Usome mwaliko kama mkataba

Kabla ya kuandika mstari mmoja, soma mwaliko mara mbili ukiwa na kalamu. Tafuta mambo manne. La kwanza ni urefu na tarehe ya mwisho. La pili ni wahusika unaoruhusiwa kuwatumia, maana mara nyingi kuna ambao hawaguswi. La tatu ni mahali hadithi yako inapokaa: je, ni kabla ya msimu wa kwanza, au katikati ya sehemu fulani na nyingine? La nne ni nani anayetoa neno la mwisho. Kwa kawaida hadithi hupita mikono miwili: mhariri wa kitabu, kisha mwenye tamthilia. Mhariri anaweza kuipenda hadithi yako na mwenye tamthilia akaikataa, na wote wawili wakawa na haki.

Sababu ya kukataa mara nyingi haihusiani na ubora wa uandishi. Umeandika kwamba baba wa mhusika alizikwa Biharamulo, kumbe waandishi wa tamthilia wanapanga kumrudisha akiwa hai msimu ujao. Hawatakuambia, maana hiyo ni siri ya biashara. Kwa hiyo kaa mbali na maswali makubwa ambayo tamthilia nzima inayategemea: mtoto ni wa nani, nani alimuua nani, nani ataolewa na nani. Hayo ni mali ya kamera.

Kama mwaliko unaruhusu, tuma kwanza muhtasari wa nusu ukurasa. Eleza nani, wapi, lini katika mfululizo, nini kinatokea na kinaishaje. Usifiche mwisho ukidhani unamtega mhariri. Mhariri anatakiwa kujua kama mwisho wako unavunja kitu, na ukimficha atakisia kwamba unavunja.

Tazama ukiwa na daftari

Watayarishaji wakubwa huwa na kitabu cha ndani kinachoorodhesha kila mhusika: umri, asili, uhusiano, mambo aliyopitia. Ukipewa, ni bahati. Usipopewa, jitengenezee chako. Itazame tamthilia tena, safari hii bila kufuata hadithi, uandike vitu vidogo. Nani humwamkia nani shikamoo, na nani hujifanya hakusikia? Nani huitwa kwa jina, nani huitwa "wewe"? Mhusika wako hula nini, hupanda usafiri gani, huapa kwa nani? Ana ndugu aliowataja? Alisema anatoka wapi, na alisema hivyo mara ngapi?

Huku kwetu si kila nyumba ina king'amuzi, na wengi hutazama kwa vipande, kwenye kibanda umiza au kwenye simu ya mtu. Kwa mtazamaji hilo halina neno, lakini kwa mwandishi ni hatari. Kama hukupata sehemu zote, chagua kipindi unachokifahamu vizuri, ukae humohumo. Ni afadhali hadithi ya alasiri moja iliyo sahihi kuliko ya mwaka mzima yenye nyufa. Wapenzi wa tamthilia hawasamehe. Mwandishi akimpa mhusika dada ambaye hakuwahi kuwa naye, watafunga kitabu hapohapo.

Halafu, katika ukurasa wa mwisho wa daftari, andika yale ambayo tamthilia haikuyasema kabisa. Orodha hiyo ndiyo shamba lako.

Nani aliyepita bila jina?

Chukua mfano wa mchezo ambao watu wazima wengi wanaukumbuka. Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika wake maarufu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu akiwa nyumbani. Mwishowe Mkwaju anaugua. Ukiniuliza hadithi fupi ya Mkwaju iko wapi, sitakupeleka nyumbani kwake wala hospitalini. Nitakupeleka Nyakanazi, wilayani Biharamulo, njia panda ambapo barabara ya kutoka Kahama inakutana na ile ya Kibondo na Kigoma, na malori yanayokwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, hupita usiku na mchana. Pale kuna mama ntilie. Kwake yeye Mkwaju si fundisho la afya. Ni sahani tatu ambazo hazijalipwa, na mzaha mmoja ambao binti yake wa miaka kumi na saba aliucheka kuliko alivyopaswa kuucheka. Mama ameuona mcheko ule. Lori limewashwa, tandiboi anapiga honi, na mama ana muda wa kusema jambo moja tu: adai hela yake, au amfukuze mtu.

Au chukua Siri ya Mtungi, tamthilia iliyotayarishwa na MFDI Tanzania na kuanza kuonyeshwa Desemba 2012. Kijana wake, Cheche, ni mpiga picha, na mambo mengi yanatokea Bagamoyo. Jiulize: watu waliokaa mbele ya kamera yake walipeleka wapi picha zile? Picha ya studio hupigwa ili itumwe. Moja inaweza kufika Biharamulo ndani ya bahasha, kwa wazazi ambao hawajamwona kijana wao miaka minne. Katika picha amevaa koti ambalo si lake, mkononi ana saa ambayo haisomi. Wazee wanaitazama. Baba anaona mafanikio. Mama anaona shingo iliyokonda. Cheche mwenyewe haonekani popote katika hadithi hii, ila kila aliyetazama tamthilia anaiona alama ya mkono wake.

Mifano hii ni ya mazoezi. Usiichapishe, kwa sababu wahusika hao wana wenyewe. Lakini ifanye, maana inakufundisha swali la msingi: shujaa alipopita hapa, nani alibaki na vumbi?

Rudisha ulichoazima, lakini mtu abadilike

Hapa ndipo wengi hukwama. Sheria ya kazi hii ni kwamba hadithi yako ikiisha, tamthilia iwe vilevile ilivyokuwa. Huwezi kumuua shujaa, kumwozesha, wala kumpa siri mpya ambayo hataikumbuka katika sehemu inayofuata. Lakini hadithi ambayo hakuna kitu kinachobadilika ndani yake si hadithi. Mwandishi mgeni huponyoka kwa kutumia ndoto: mambo makubwa yanatokea, kisha mhusika anaamka. Usifanye hivyo. Msomaji anaona ameibiwa.

Njia ya kutoka ni kuuweka uzito wa hadithi kwa mtu ambaye tamthilia haina haja naye. Huyo anaweza kupoteza kila kitu, kusamehe, kuhama, kufa. Shujaa anabaki alivyo. Aliyegongana naye ndiye habaki.

Niutandaze mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme tamthilia ina dada wa kazi ambaye tunaambiwa tu kwamba katoka "mkoani". Katika sehemu fulani anaomba ruhusa, mama yake anaumwa. Bosi wake, mwanamke asiyemwamini mtu, anachukua simu na kupiga nyumbani kwao. Anasikiliza kidogo, anakata, anasema hakuna ruhusa. Nusu dakika imeisha, tamthilia imekwenda mbele.

Sasa mweke mama huyo Kabanga, wilayani Ngara, mahali unapovukia kwenda Burundi. Haumwi. Binti alipiga usiku uliopita: "Mama, bosi wangu akipiga kesho saa tatu, kohoa." Na mama huyu ni kiongozi wa jumuiya ndogondogo, ndiye anayewafundisha watoto amri kumi za Mungu. Hadithi nzima ni asubuhi moja ya kusubiri simu. Anajaribu kukohoa, kikohozi kinakataa. Mumewe anamcheka. Jirani anasikia, anakuja na majani ya kuchemsha, na mama analazimika kuyanywa, maana uongo ukishaingia ndani lazima ukaribishwe kiti.

Burundi na Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya mama, kama simu nyingi za mpakani, hunasa mnara wa ng'ambo na kubadili saa bila kuaga. Anaitazama, inasema saa mbili. Ana muda wa kwenda kuchota maji. Simu inamkuta kwenye kilima, ndoo kichwani.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo, namshukuru Mungu."

Limeshatoka. Nani asiyejibu hivyo? Hata mgonjwa aliyelala kitandani hujibu hivyo kwanza, ndipo aeleze maumivu yake. Lakini bosi wa Dar es Salaam alikuwa akisubiri jibu hilohilo, na simu imekatika.

Ona tulichopata. Ruhusa imekataliwa, kama tamthilia ilivyosema. Hakuna mhusika wa tamthilia aliyejua jambo jipya. Lakini mama anashuka kilima akijua kwamba adabu yake imemfungia binti mlango, na kwamba angalau hakusema uongo, na hajui alie kwa ajili ya lipi kati ya hayo mawili. Na mtazamaji akirudia ile nusu dakika, hataitazama tena kama zamani. Hiyo ndiyo zawadi ambayo kitabu kinaweza kuipa tamthilia na kamera haikuweza.

Wasomaji wawili kwa hadithi moja

Kitabu chako kitasomwa na mpenzi wa tamthilia anayejua hata rangi ya pazia, na pia na mtu aliyekikuta kwenye meza ya rafiki. Mwandike huyu wa pili kwanza. Kila anachohitaji kiwemo ndani ya hadithi, lakini kiingie kwa matendo, si kwa maelezo. Usianze na aya tatu za kueleza nani ni nani katika familia ya tajiri. Katika mfano wetu, mgeni anahitaji kujua kwamba binti anafanya kazi za ndani kwa mwanamke mkali, na hilo linatosha. Mpenzi wa tamthilia mwachie kitu kidogo cha kutabasamu: namna bosi anavyovuta pumzi kabla ya kusema, neno analolirudia. Mgeni atalipita bila kujikwaa.

Jaribu hivi: mpe hadithi mtu ambaye hajawahi kuitazama tamthilia. Asikwambie kama ni nzuri. Akusimulie tu. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Huku kwetu, lakini si kwa mapambo

Kuna kishawishi cha kuijaza hadithi kila kitu ulichonacho: maporomoko ya Rusumo, boma la Wajerumani pale Biharamulo, twiga wa Burigi-Chato, dhahabu ya Tulawaka, migomba na kahawa. Hicho ni kitabu cha watalii. Chagua mambo mawili au matatu, na kila moja lifanye kazi. Saa ya mpakani katika mfano wetu haikuwekwa ili msomaji ajue jiografia. Ilimpeleka mama kilimani wakati usiofaa.

Vitu vya kufanya kazi viko vingi kwa mwenye macho. Kuna miaka mabasi yalipita mapori ya Biharamulo na Ngara yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Abiria aliyechelewa msafara alilala njiani, na usiku mmoja wa kulala njiani ni hadithi kamili. Kuna foleni ya malori Rusumo. Kuna kijana aliyeacha shule kufuata machimbo, anayepiga simu nyumbani siku za kupata tu. Katika nyumba nyingi kinachozungumza jioni si televisheni, ni redio, na Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, imekuwa sauti ya nyumba hizo.

Neno wakimbizi linahitaji tahadhari. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Benaco, wilayani Ngara, ikageuka kambi kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Mhusika wa tamthilia mwenye umri wa miaka thelathini na kitu angeweza kuwa mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile. Ni mkasa mzito, na ni rahisi kuutumia kwa pupa ili hadithi ionekane nzito. Ukiugusa, ugusie kwa ukubwa wa mtu mmoja: mwenye shamba ambalo miti yake ilikatwa kwa kuni, mwuza ndizi aliyejifunza kuhesabu fedha za ng'ambo, mtoto aliyepata rafiki na kumpoteza Desemba 1996 kambi zilipofungwa na Wanyarwanda kurudishwa kwao. Na kumbuka sharti letu: huwezi kumpa shujaa wa tamthilia asili ya ukimbizi bila idhini. Jirani yake wa zamani unaweza.

Wanazungumzaje

Wahangaza na Washubi, wenyeji wa huku, wana lugha zinazosikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Mtu wa Ngara huvuka mpaka na kununua bila mkalimani. Kiswahili ni cha ofisini, kanisani, sokoni, shuleni. Jambo hilo lina faida kubwa kwa mwandishi. Mama wa Kabanga akiongea na mumewe, sentensi zake ni ndefu, zina utani na mafumbo. Akiongea na bosi wa Dar es Salaam zinakuwa fupi, safi, zenye "ndiyo" nyingi. Msomaji atasikia kwamba lugha imebadilika bila wewe kumwambia.

Kitu cha kuepuka ni ule mtindo wa vichekesho wa kumwandikia mtu wa mkoani Kiswahili kilichopinda, r na l zikigombana katika kila neno. Kwenye runinga mwigizaji mzuri anaweza kukuchekesha kwa lafudhi na bado ukampenda. Kwenye karatasi unabaki na mtu aliyefanywa mjinga. Lafudhi ya maandishi iko katika mpangilio wa mawazo: anaanza na salamu zipi, anazunguka mara ngapi kabla ya kuomba, analiita jambo la aibu kwa jina gani.

Vilevile punguza mazungumzo. Aliyelelewa na tamthilia huandika majibizano matupu, ukurasa mzima, kana kwamba kuna waigizaji watakaoyatia uhai. Hawapo. Uwezo wa hadithi ya maandishi ni kuingia kichwani mwa mtu aliyenyamaza. Kamera inaweza kuonyesha uso wa mama aliyeshika simu iliyokatika. Haiwezi kusema kwamba wakati huo alikuwa akiwazia ndoo, kama aitue au aendelee nayo.

Urefu, mwanzo, mwisho

Ukipewa maneno elfu tatu, fikiria siku moja, mahali pawili, watu watatu. Anza karibu na tatizo: binti ameshasema "kohoa" kabla aya ya pili haijaisha. Nusu ya hadithi iwe kusubiri na kuhangaika, maana ndimo tunamofahamiana na mtu. Tukio lenyewe liwe fupi. Baada yake, bakiza nafasi ndogo tu ya matokeo.

Usimalizie kwa mahubiri. Baadhi ya tamthilia zetu zimezaliwa katika kampeni za afya na maendeleo, na mwandishi huhisi anadaiwa funzo. Mhariri akitaka funzo atakuambia. Kinachotakiwa mwishoni ni mhusika kufanya jambo moja ambalo asubuhi asingelifanya. Mama wetu anaweza kwenda jumuiyani jioni ile na, kwa mara ya kwanza, kumwomba mwingine aongoze sala. Inatosha.

Ukimaliza, isome kwa sauti, kisha hakiki mambo ya kweli: njia, saa, umbali, bei, majina ya vyeo vya kanisa na serikali ya kijiji. Mpe mtu wa huku aisome. Msomaji wa Dar es Salaam hatagundua ukiweka Lusahunga mahali pa Nyakanazi. Msomaji wa Biharamulo atagundua, na yeye ndiye uliyemwandikia.

Haki na malipo

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi inayoisimamia. Kwa hadithi uliyoitunga mwenyewe, haki ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hadithi yenye wahusika wa wengine, mambo yanategemea mkataba. Mara nyingi utalipwa mara moja, na hadithi itakuwa mali ya mwenye tamthilia. Si dhuluma ikiwa umeelezwa na umekubali. Ni dhuluma ikiwa umeigundua baadaye.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi, kwa heshima, kabla ya kusaini. Nitalipwa kiasi gani, na lini: nikikabidhi au kitabu kikitoka? Jina langu litaandikwa wapi? Nitapata nakala ngapi? Nikibuni mhusika mpya, kama huyu mama, ni wa nani? Akiingizwa katika tamthilia msimu ujao, nitatajwa, nitalipwa? Nikikataliwa, naruhusiwa kuichukua hadithi yangu? Swali hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Usiibandike hadithi mtandaoni ukisubiri majibu. Wengine huhesabu hilo kama kuchapisha, na nafasi yako inakufa.

Ikikataliwa

Hadithi zitakazokataliwa ni nyingi kuliko zitakazokubaliwa. Na hapa ndipo aliyeandika upande wa pili wa simu anapovuna. Aliyeandika sebule ya tajiri, akikataliwa hana kitu: wahusika si wake, nyumba si yake, hata ugomvi si wake. Wewe kaa na hadithi yako jioni moja, ufute kila kilicho cha tamthilia. Jina la bosi, toa. Neno lake analolirudia, toa. Jina la dada wa kazi, badilisha. Angalia kinachobaki: mama, mume mcheshi, jirani na majani yake, kilima, saa mbili ambazo ni saa tatu, na "sijambo" iliyoponyoka. Hadithi iko pale, nzima, na ni yako. Ipeleke gazetini, redioni, kwenye shindano lolote linalopokea hadithi fupi.

Kwa kweli usingoje kukataliwa. Fanya jaribio hilo kabla ya kutuma. Ukifuta vya kuazima na kukuta hakuna kilichosalia, hadithi bado haijafika. Rudi kwenye daftari, ukurasa ule wa mwisho, utafute mtu mwingine aliyepita bila jina. Kama hujapata mwaliko wowote, anza na zoezi leo jioni: tazama sehemu moja ya tamthilia yoyote, na mhusika akipiga simu nyumbani, zima televisheni hapohapo uandike ukurasa mmoja wa aliyepokea.